Chuya zilibaki kwenye ungo

Hii ilikua mwaka 2013, Tanga, tunakaa Ngamiani barabara ya 12, na mimi ndo nilikua namchoma Mama insulini, dawa yake ya kisukari, kwasababu macho yake yalishaanza kusumbua, vile vistari vya kwenye bomba alikua havioni tena hata avae miwani. Asubuhi uniti 20, jioni uniti 12. Ni ile ya mchanganyiko, Mixtard, ya maziwamaziwa, unaviringisha kichupa kwenye viganja taratibu mpaka dawa iwe rangi moja, hutikisi kama dawa ya kikohozi. Friji hatukua nayo. Kichupa kilikaa kwenye mtungi mdogo wa udongo pembeni ya kitanda, ndani kuna mchanga wenye majimaji, kimefungwa kwenye nailoni kisilowe, na kwa joto la Tanga ule mtungi ulitusaidia sana. (Jirani alishawahi kutuhifadhia kwenye friji yake akaweka kule kwa barafu, ikaganda, tukaitupa yote. Insulini ikishaganda imekufa hata ikiyeyuka.)

Jioni moja mabomba yakatuishia. Duka tunalonunuaga siku zote lilikua limefungwa, nikaenda jingine, nikasema naomba mabomba ya insulini, kaka akanipa kumi nikalipa nikaondoka. Sikuyaangalia. Bomba la insulini mi nalijua, dogo, jembamba, sindano fupi, na haya yalikua hivohivo, kifuniko tu ndo kilikua chekundu wakati sisi tumezoea cha rangi ya machungwa.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu nikavuta dawa mpaka mstari wa 20, na hapa ndo panaponiuma mpaka leo, maana jicho langu liliona. Siku zote dawa ya asubuhi ilikua haifiki hata robo ya bomba. Ile siku ilikua nusu nzima. Nikasimama nayo dirishani nikaitazama, nikasoma tena, 20. Nikajiambia labda ni kampuni nyingine, namba si ndo hiyohiyo, nikamchoma tumboni upande wa kushoto kwasababu jana yake ilikua kulia, nikahesabu mpaka kumi ndo nikachomoa, kila kitu kama nilivyofundishwa kliniki. Baada ya nusu saa akanywa chai na muhogo wa kuchemsha, mi nikaenda kufua.

Kwenye saa nne hivi Mama alikua kakaa uani kwenye mkeka anachambua mchele. Sasa Mama kwenye mchele hana mchezo, chuya moja ikibaki kwenye sahani ya mtu ataisema wiki nzima. Napita na ndoo naona anatupa kitu cheupe chini, nikasogea. Ni mchele. Anaokota punje moja moja anawatupia kuku, alafu chuya na vijiwe anavirudisha kwenye ungo, anavipanga vizuri pembeni kwa kidole. Nikamwita, Mama. Akaniangalia akaniita jina la mdogo wake aliyefariki. Kanga imelowa jasho chapachapa na pale alipokaa ni kivulini.

Nikakimbilia mashine ya kupimia sukari, 1.9. Chini ya 4 tu tayari sukari imeshuka, 1.9 ni mtu anaeweza kuzimika dakika yoyote. Nashukuru Mungu alikua bado anameza, maana mtu akishazimika humimini kitu mdomoni, kitaenda kwenye mapafu. Vijiko vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, nikamshikia shingo akanywa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Robo saa, 2.7. Nikampa tena. Ikaja 3.8, 4.4, akaanza kuniita jina langu, akaomba kanga kavu, nikamletea uji nikajua tumepona. Saa tano na nusu napima tena, 2.4.

Mama mdogo akaita bajaji, tukaondoka na Mama katikati yetu anachezesha vidole tu kama bado anachambua.

Hospitali wakamwekea dripu ya sukari. Sista akaniuliza umemchoma uniti ngapi, nikasema ishirini. Kala? Kala. Akanyamaza kidogo, akasema mtu anaechoma ishirini kila siku na kala haiwezi kumpeleka hivi, hebu kaniletee bomba lenyewe. Sisi mabomba yaliyotumika hatutupi jalalani, watoto wanaokota, tunaweka kwenye dumu gumu la plastiki likijaa tunalipeleka kliniki, kwahiyo nikarudi nyumbani nikabeba dumu zima pamoja na yale mabomba tisa mapya. Sista akaliinamisha dumu akachungulia, machungwa, machungwa, machungwa, na juu kabisa kifuniko kimoja chekundu. Akatoa bomba la kwao akaliweka mezani sambamba na letu. Soma hapa. U-100. Na hapa. U-40.

Insulini ya Mama ni ya uniti 100 kwenye kila mililita, na kichupa kimeandikwa. Lile bomba jekundu mistari yake imepigwa kwa ajili ya insulini nyingine, ya uniti 40 kwa mililita, kwahiyo mstari wake wa 20 ni nusu mililita kamili, na nusu mililita ya dawa ya Mama ni uniti 50. Nilimchoma Mama yangu hamsini. Sista alinieleza kwa upole kabisa wala hakunigombeza, mi machozi yakanitoka palepale. Na kwasababu ile dawa sehemu yake kubwa inafanya kazi polepole mpaka usiku, ikabidi alale wamlinde, kila saa wanamchoma kidole kumpima sukari.

Kesho yake Mama yuko sawa, anauliza nani kamalizia mchele wake. Nilipomwambia yaliyotokea akakaa kimya muda mrefu, alafu akasema basi mwanangu kuanzia leo utanisomea kwa sauti, kichupa ngapi, bomba ngapi, ndo unichome.

Yale tisa nikayarudisha dukani. Yule kaka alishtuka kweli, akayaondoa yote palepale, lakini boksi lilikua limeshapungua na akasema haandiki anamuuzia nani. Hiyo ndo ilininyima usingizi. Siku ya kliniki nikamwomba sista awaambie watu, akasimama mbele ya mabenchi akasema kila mtu atoe bomba lake juu. Wakafungua mikoba, mifuko, wengine wamefunga kwenye leso. Mzee mmoja wa Pongwe akaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu akatoa chekundu. Akasema siku ya nne hii usiku analoa jasho mpaka shuka, kapima malaria haipo, na yeye anachoma kidogo tu, uniti 6. Sista akamshika mkono akamkalisha akamchoma kidole palepale. 3.1. Mi nikatoka mbio kwenda kumnunulia soda.