Ouko yupi?

Nimerudi. Niliondoka Nyamira mwaka 2011 na begi moja na barua ya chuo. Nimerudi na mabegi matatu, goti linalolia kila nikipanda mlima, na jaketi la rangi ya damu ya mzee lenye herufi za kijivu kifuani. Wa nyumbani mnaijua milima yetu. Goti nitalizoea. Jaketi ndilo limeniletea maneno.

Siku ya kwanza tu, kijana wa boda boda aliyenibeba kutoka stendi aliniuliza, "Sista, hiyo jaketi ni ya shule gani?" Nikamwambia ni ya chuo alichosoma Robert Ouko. Akapunguza mwendo. "Ouko? Yule waziri aliyeuawa?" Nikasema hapana, Ouko mwanariadha, tena wa huku kwetu, Manga. Akanyamaza hadi tukapita kona ya pili, kisha akasema kama mtu anayenisamehe, "Mimi ninayemjua ni yule wa 1990." Mwaka 1990 yeye hakuwa amezaliwa.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza kila ninayekutana naye. Sokoni, kwenye matatu, kanisani baada ya ibada. Ukitaja Ouko, ni waziri. Ukitaja Julius Sang, mwenzake wa kupokezana kijiti Munich 1972, wanakuuliza Sang wa wapi, maana akina Sang ni wengi.

Chuo chenyewe ni North Carolina Central, mjini Durham, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1910 na Dkt. James Shepard, enzi ambazo Mweusi wa majimbo ya kusini hakuruhusiwa kuketi darasa moja na Mzungu. Ni kimoja cha vile vyuo vya Weusi vilivyojengwa kwa sababu milango mingine yote ilikuwa imefungwa. Mimi nilisomea ukutubi pale, mchana, na usiku nikifanya kazi ambayo nusu ya Wagusii wa Marekani wanaijua: kuwatunza wazee katika makao. Kuosha, kulisha, kugeuza, kusikiliza. Hiyo ya mwisho hailipwi, lakini ndiyo niliyofaidi zaidi.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyesoma chuo hicho miaka ya hamsini. Aliposikia ninatoka Kenya, hakuniuliza habari za simba. Aliuliza, "Ouko hajambo? Na Sang?" Sang alikuwa amefariki tangu 2004, na ilibidi nimwambie mimi, saa nane za usiku, nikiwa nimeshika chombo cha kutoa haja ndogo. Alifumba macho. Kisha akaanza kunisimulia, na hakumaliza hadi alfajiri.

Alinisimulia habari za kocha Leroy Walker, aliyefika Durham mwaka 1945 na kufundisha riadha kwenye kiwanja ambacho shule nyingi za sekondari leo zingekikataa. Kutoka hapo akamtoa Lee Calhoun, bingwa wa Olimpiki wa mita 110 kuruka viunzi, Melbourne 1956 na tena Roma 1960. Mzee wangu alikuwa chuoni wakati mmoja na Calhoun. Kilichomchekesha hadi kukohoa ni kwamba mwaka 1958 Calhoun alifungiwa kushindana kwa sababu alifunga ndoa kwenye kipindi cha runinga na kukubali zawadi za harusi! Wakati huo mwanariadha hakutakiwa kupata chochote, hata sufuria. Hebu fikiria harusi ya Kisii bila zawadi.

Walker hakuishia Marekani. Alizisaidia timu za nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo mwaka 1972. Mwaka 1976 akawa Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa riadha ya wanaume ya Marekani kwenye Olimpiki, na baadaye rais wa kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo. Alifariki Aprili 2012, sijamaliza hata mwaka Durham. Niliona bendera nusu mlingoti nikadhani ni mwanasiasa.

Ila hadithi aliyoipenda zaidi mzee ni ya Julai 1971, Walker alipoleta Afrika nzima Durham kushindana na Marekani. Mji ambao miaka michache nyuma ulikuwa bado ukiwatenga watu kwenye mikahawa ukajaza uwanja kutazama Waafrika wakikimbia. Kwenye mita 5000, Miruts Yifter wa Ethiopia alihesabu vibaya mizunguko: akachomoka, akawaacha wote, akamaliza, akasimama. Kumbe ulibaki mzunguko mmoja. Steve Prefontaine akampita akashinda. Kesho yake Yifter akarudi akashinda mita 10,000, mbele ya Frank Shorter. Mzee alisema usiku ule wa katikati watu wa mtaani kwake hawakulala, wakimwonea Yifter uchungu kama mtoto wao.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Kila mwaka majani yakianza kupukutika, vyuo hivi vya Weusi hufanya sikukuu ambayo jina lake, ukilitafsiri wima wima, ni kurudi nyumbani. Watu waliomaliza miaka 10, 30, 60 iliyopita husafiri na kurudi. Gwaride hupita barabara ya Fayetteville, bendi ya chuo ikipiga ngoma zinazosikika hadi kwenye mbavu, nyama inachomwa kando ya magari, na watu wazima wenye mvi wanaitana kwa majina ya utani. Mwaka mmoja nilimsukuma mzee wangu kwenye kiti chake cha magurudumu. Nilinunua jaketi hili siku hiyo, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mama anasoma.

Kisha wakaitwa wanamichezo wa zamani. Jina moja, mwaka, mchezo. Anayeweza kusimama anasimama. Jina moja liliitwa, mwenyewe ameshafariki, akasimama mjukuu wa miaka kama mitano akiwa na soseji mdomoni. Watu wakapiga makofi mpaka mtoto akajificha nyuma ya sketi ya mama yake, na soseji yake. Hakuna aliyehutubia. Ilikuwa kama kuita orodha darasani.

(Bahasha ya mchango nayo ilipita, msidhani ni peponi. Ilipita mara mbili.)

Nilimuuliza mzee kwa nini wanajisumbua hivi kila mwaka, majina yale yale. Akaniambia nimsukume hadi mahali tunapoweza kuona upande wa barabara kuu ya mwendo kasi. Akanyoosha kidole. Pale, akasema, ulikuwa mtaa wa Hayti. Pale palikuwa na kinyozi, pale sinema, pale kanisa, pale nyumba ya mama yangu. Miaka ya sitini na sabini serikali ilibomoa na kupitisha barabara katikati. Mtaa mzima wa Weusi wenye maduka na biashara zao ukaliwa na lami. "Tukisema tunarudi nyumbani," akasema, "unadhani tuna pengine pa kurudi?"

Nililala na maneno hayo, na bado nalala nayo. Sisi tuna mashamba. Tuna makaburi nyuma ya nyumba, yamezungukwa na migomba. Tunadhani ardhi itakumbuka kwa niaba yetu, kwa hiyo hatuiti majina. Wao ardhi yao ilichukuliwa, ikabaki sauti, ndiyo maana wanaita.

Hata yale yaliyofichwa yanaishia kuitwa. Mwaka 1944, Jumapili moja ya Machi, mji ukiwa kanisani, timu ya mpira wa kikapu ya chuo hiki chini ya kocha John McLendon ilicheza na timu ya Wazungu ya shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Duke, milango ikiwa imefungwa, maana sheria haikuruhusu. Weusi wakashinda 88 kwa 44. Halafu wakagawana upya, Weusi na Wazungu pamoja, wakacheza tena. Ilipita miaka zaidi ya 50 kabla habari hiyo kuandikwa kwa upana. Leo hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaisimulia.

Nilipomweleza baba haya yote, aliweka kikombe mezani taratibu. Baba si mtu wa kusifu. Mwaka 1972 alikuwa kijana, na redio ilikuwa moja, ya mwenye duka, yenye betri zinazoanikwa juani zikikaribia kufa. Akaniuliza, "Hao wa Durham walikuambia nani alianza?" Nikasita. Akachukua vikombe vyote vya chai, vingine bado vina chai, akavipanga.

Munich, Septemba 10. Mbio za kupokezana kijiti, 4x400. Asati anaanza. Nyamau anapokea. Hawa wawili tayari walikuwa na fedha ya Mexico 1968. Ouko anashika cha tatu. Wamarekani hawapo: wawili wao, Vince Matthews na Wayne Collett, walifungiwa kwa namna walivyosimama jukwaani wakati wa wimbo wa taifa, na mwingine aliumia. Baba hapendi sehemu hiyo. Anasema watu huitumia kutupunguzia. Wajerumani, wakiwa kwao, mbele ya watu wao, wanaongoza kijiti cha mwisho. Hapo baba akasukuma kikombe cha mama, ambacho kilikuwa Mjerumani, mbele kabisa. "Sang akapokea," akasema, na kikombe cha Sang kikaanza kutambaa juu ya kitambaa cha meza, bila haraka, mpaka kikampita Mjerumani, na chai ikamwagika. Dakika 2 sekunde 59.8. Uingereza ya pili, Ufaransa ya tatu. Mjerumani hakupata hata shaba.

"Watatu wetu," baba akasema, yaani Wagusii. Akafuta meza kidogo kwa kiganja. "Lakini Mnandi ndiye aliyemaliza kazi. Hilo lisemwe."

Sijawahi kumsikia baba akimpa mtu wa upande ule sifa namna hiyo, hasa msimu wa siasa.

Nilimwongezea asichokijua: kwamba Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa Walker. Sang alikuwa pia na shaba ya mita 400, na Ouko, aliyekwisha kuchukua dhahabu ya mita 800 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970, alikuwa wa tano Munich katika mbio hizo. Mwenzao wa chuo, Larry Black, alipata fedha ya mita 200 na dhahabu ya kupokezana kijiti ya 4x100. Chuo kidogo cha Weusi, watu watatu, medali tano. Baba akahesabu kwa vidole, akarudia kuhesabu, akasema, "Na hapa tunabishana kuhusu waziri."

Ouko alifariki Agosti 2019, nikiwa zamu ya usiku Durham. Mzee wangu naye alikuwa ameshatangulia. Nilikosa mtu wa kumwambia.

Basi wiki iliyopita nilikwenda shule niliyosoma nikiwa mdogo. Mwalimu mkuu ni mtu mwema. Nilimwomba ukuta mmoja, ule unaotazama uwanja, ambao kwa sasa una ramani ya Afrika iliyopoteza Somalia kwa mvua. Akakubali, mradi gharama iwe yangu. Nikamtafuta fundi wa kuandika mabango. Anatoza shilingi 50 kwa herufi. Tulipofika kwa Nyamau tukakwama: mimi nilikuwa nimeandika Hezekiah, lakini kumbukumbu za Olimpiki zina Hezahkiah, herufi moja zaidi. Fundi, bila kufikiri, akasema tufuate kumbukumbu.

Nilitaka majina yawe kwa alfabeti ya jina la kwanza. Baba, aliyekuja "kupita tu", akakataa katakata. Kwa mpangilio wa kijiti, akasema, toka kushoto hadi kulia, na wa mwisho awe karibu na lango, kwa sababu ndiye aliyekuwa anakwenda kumaliza. Tukamsikiliza.

Fundi alitumia damu ya mzee, sampuli tuliitoa kwenye jaketi langu. CHARLES ASATI. HEZAHKIAH NYAMAU. Watoto wakaacha mpira wakaja kusimama nyuma yetu. Ijumaa saa kumi na nusu, alipomaliza herufi ya mwisho ya ROBERT OUKO, mkebe ukaisha. Duka la Nyamira halikuwa na rangi hiyo, ilibidi iagizwe Kisii.

Msichana mmoja wa darasa la nne, viatu mkononi, akasoma kwa sauti hadi mwisho, akauliza, "Huyu Ouko si ndiye yule waziri?"

Nilifungua mdomo. Fundi akaniwahi, huku akifuta brashi kwenye nyasi. "La. Huyo ni wa kijiti cha tatu. Wa nne anakuja Jumatatu."