Kufufua mfumo wa upepo wa Ural kwa piesi za Lubumbashi

Waliokuwa na hii Ural-4320, kamyo ya Kirusi, kabla yangu walikuwa wanafunga kambi ya watafuta madini. Waliniachia kwa bei nzuri kwa sababu mfumo wa kujaza matairi kutoka kabini ulikuwa umekufa zamani, na matairi yote sita yalikuwa yakijazwa na kwado, fundi wa matairi wa barabarani, kama ya kamyo yoyote. Jamaa zangu wa maegesho ya Ruashi, hapa Lubumbashi, walinishauri niung'oe wote, nizibe matundu, niendelee na kazi. Ningekuwa nabeba mizigo ya Likasi kwenye lami, ningewasikia. Lakini mimi napeleka unga upande wa Kasenga na kurudi na samaki, na zile njia za pembeni zinazoshuka kwenye vijiji vya Luapula, mvua za Novemba zikishaanza, zinameza kamyo mpaka ekseli.

Kwenye lami tairi la Ural linakaa na upepo wa kilo 3.2 kwa kila sentimita ya mraba. Ukifika kwenye tope unavuta koki, upepo unatoka, tairi linapanuka na kukanyaga eneo kubwa zaidi, na unaweza kushuka hadi nusu kilo mradi utembee polepole sana. Ukipanda tena lami, kompresa ya injini inajaza. Wamarekani walikuwa nao mfumo huu kwenye DUKW wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ile gari yao ya kuogelea. Warusi ndio walioufanya wa kawaida: ZIL-157, ZIL-131, kisha Ural hii iliyoanza kutoka kiwanda cha Miass, Urusi, mwaka 1977.

Seti kamili ya kiwandani, ukiiagiza hadi ipite mpaka wa Kasumbalesa na ushuru wake, unajikuta umenunua karibu kamyo ya pili. Kwa hiyo nikaanza kuangalia kila kipande kinafanya kazi gani, badala ya kuangalia kinaitwaje kwenye katalogi. Na mji huu, kwa sababu ya migodi na tela zinazotoka kusini, umejaa vitu vya upepo na haidroliki.

Mabomba ya kwenye chasisi hayakunisumbua. Nailoni ya breki za upepo, ile nyeusi ya milimita 10, inavumilia zaidi ya mara mbili ya upepo wa matairi. Ikate kwa kisu chenye makali, sawasawa, na uiweke mbali na egizosi. Mipira mifupi ya kupitisha upepo kwenye magurudumu nilibanisha kwa wanaobana mipira ya mashine za mgodi. Hapo angalia meno ya rakoo, yaani viungio vya mabomba: Ural ni ya milimita, na wao wamezoea inchi za Kiingereza. Rakoo ya M16, yaani ya milimita 16, kwenye tundu la inchi 3/8 inaingia mizunguko miwili hivi, unafurahi, halafu inavuja.

Koki ya kabini iliyokuwepo ilikuwa imelika ndani. Badala yake nimefunga vali ya mkono ya tela zenye mito ya upepo, ile ya kupandisha na kushusha tela. Ina nafasi ya kujaza, ya kusimamisha na ya kutoa, na mimi sihitaji zaidi ya hapo. Ya mtumba, safi, kwa pesa ambayo haikunitoa jasho.

Shida yenyewe iko kwenye kitovu cha gurudumu. Bomba limesimama, gurudumu linazunguka, na upepo lazima uvuke kati yao. Hapo kuna spi mbili, zile pete za mpira za kuzuia kuvuja, zinazotazamana midomo, upepo unapita katikati. Duka lolote la piesi litakuuzia spi yenye kipimo chako kwa dola chache. Mimi nilipeleka moja kwa mzee mmoja wa pampu za haidroliki pale komini ya Kenya, hapa hapa mjini, nikamwambia, "Papa, naomba unitafutie kumi na mbili za hivi." Akaigeuza, akaubonyeza mdomo kwa kidole gumba.

"Hii ni ya kuzuia mafuta, mtoto wangu. Mafuta yamelala. Upepo wako unasukuma."

Alisema kweli. Spi ya kawaida inavumilia takriban nusu kilo. Kwenye Ural koki za magurudumu zinabaki wazi safarini, kwa hiyo kilo 3.2 zinakaa juu ya mdomo huo saa zote. Mdomo unapinduka au unaungua. Zinazofaa ni zile za pampu na mota za ekskaveta, zenye mdomo mfupi na mgumu, zilizotengenezwa kwa presha. Bei ni mara kadhaa ya zile nyingine, na hapa sibishani. Zimeandikwa namba tatu: ndani, nje, unene. Usipime spi ya zamani, imeshabonyea. Pima shafti na kiti chake. Shafti ikiwa imechimbika, mpe mkereza aivalishe pete nyembamba kwanza, la sivyo unatupa pesa.

Kitu kimoja usikiruke hata kama fundi anacheka: vali ya kulinda breki. Matairi na breki vinakula tangi moja. Mpira ukikatika kwenye mteremko, breki zinaondoka na upepo. Vali ya tela isiyorudisha upepo, inayofunguka kwenye kilo 6 hivi, inafungwa kabla ya koki ya kabini, na breki zinabaki na chao. Maduka ya tela wanazo kwenye ndoo.

Kupima ni maji ya sabuni na masikio. Funga koki zote za magurudumu, jaza mabomba, tazama mshale wa geji. Ukishuka, kosa liko kwenye mabomba ya chasisi au kwenye spi za vitovu. Ukisimama, fungua gurudumu moja moja hadi lijitaje lenyewe.

Gurudumu langu lililobaki kutengenezwa ni la nyuma kushoto. Koki yake ya gurudumu imepasuka mwili, na hiyo sijaipatia mbadala: za shaba za dukani zinajitokeza nje sana, jiwe la kwanza linazikata. Kama kuna mtu Likasi au Kolwezi ana Ural iliyokufa uani, aniandikie kabla wanunuzi wa vyuma chakavu hawajampitia.