Kura ya Novemba huanzia Julai: kupiga kura ya Marekani ukiwa Mwanza

Kuna imani moja imeenea miongoni mwa wenye pasi ya Marekani wanaoishi kanda hii ya ziwa: kwamba siku ya uchaguzi utashuka Dar, uingie ubalozini, upige kura, na jioni urudi zako Mwanza. Ubalozi wa Marekani hauna kituo cha kura. Hakuna sanduku pale, wala wino wa kidole. Kura ya Mmarekani aliye nje ni karatasi inayosafiri, na mwenye kuihesabu ni ofisi ya uchaguzi ya kaunti au mji alikoishi mara ya mwisho kule. Ndiyo maana wanaokosa kura kila mwaka hukosea kalenda au bahasha.

Kwanza, nani anahusika. Ni raia wa Marekani atakayekuwa ametimiza miaka 18 siku ya uchaguzi. Mwenye grinikadi, yaani kibali cha ukazi wa kudumu, hahusiki kabisa, hata kama amelipa kodi kule miaka 20. Asiyekuwa raia akipiga kura ya shirikisho ametenda kosa la jinai, na hata kujiandikisha tu kwa kujitambulisha kama raia kunaweza kumfukuzisha nchini humo. Asidanganywe na mtu anayemwambia "jaza tu, hawaangalii." Wanaangalia.

Kijana aliyezaliwa Minnesota, akaletwa kwa bibi yake Igoma akiwa na miaka miwili, anahusika, na anwani yake ya kura ni ile nyumba ya Minnesota asiyoikumbuka. Aliyezaliwa hapa hospitali ya Bugando na mzazi Mmarekani, wala hajawahi kuishi kule, anaweza kutumia anwani ya mwisho ya mzazi wake katika majimbo mengi, ingawa si yote. Tanzania nayo hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Hilo ni la kumalizana na Uhamiaji, na fomu za kura haziligusi.

Majirani huuliza pia kuhusu kura zetu, basi tuliseme upesi. Mtanzania aliye nje ya nchi hana njia ya kupiga kura ya Tanzania: unapiga pale ulipoandikishwa kwenye Daftari la Kudumu, na kura ya posta haipo. Mkenya aliye nje anayo nafasi, lakini kwa rais peke yake, na ni lazima afike mwenyewe kwenye kituo ambacho IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, imekitangaza. Mwaka 2022 nchi za namna hiyo zilikuwa 12, Tanzania ikiwamo. Utaratibu wa Wamarekani hauna mfano wa karibu hapa kwetu, na watu hukwama kwa sababu hiyo.

Sasa kalenda. Uchaguzi ujao wa Bunge la Marekani ni Jumanne, 3 Novemba 2026. Sheria inazitaka ofisi za uchaguzi ziwapelekee walio nje karatasi za kura angalau siku 45 kabla, yaani kufikia tarehe 19 Septemba, kwa kila aliyeomba mapema. Kurudisha kupitia ubalozini kunaweza kuchukua hadi wiki nne. Rudi nyuma wiki nne kutoka tarehe 3 Novemba, unafika tarehe 6 Oktoba. Kati ya 19 Septemba na 6 Oktoba kuna siku 17. Ndani ya hizo lazima uipokee kura, uichape, uijaze, uifunge na uifikishe Dar, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Anayeishi Nansio aongeze siku ya kivuko. Kama kura yako itakuja kwa posta hadi kwenye S.L.P. yako, siku 17 hizo zinaliwa zote na safari ya kuja tu.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa kuliko yote ni ule mstari wa fomu ya kuombea kura unaouliza upelekewe kura kwa njia gani. Chagua barua pepe. Tangu sheria ya mwaka 2009 kila jimbo linalazimika kumtumia aliye nje kura tupu kwa njia ya mtandao akiomba hivyo. Asipoomba, watampelekea kwa posta, na hapo lawama haziendi kwao.

Fomu yenyewe inaitwa FPCA. Inapatikana fvap.gov, na moja hufanya kazi mbili: kujiandikisha na kuomba kura. Ijaze upya kila mwaka, Januari ikiwezekana. Iliyochelewa sana iwe Julai. Aliyeijaza mwaka 2024 akatulia asijihesabu yumo.

Inapokosewa ni hapa. Tarehe: Marekani mwezi hutangulia siku. Aliyezaliwa tarehe 3 Novemba akiandika 03/11 amejifanya wa mwezi wa tatu, na kumbukumbu zao hazitamtambua. Majina: andika kama yalivyo kwenye pasi, na kama ulishajiandikisha kule, kama yalivyo kwenye daftari lao. Sisi wenye majina matatu tusibadili lipi la mwisho kila mwaka. Anwani ya kura: ni makazi halisi uliyoishi, namba ya nyumba na mtaa, hata kama nyumba imeshauzwa au imebomolewa. Sanduku la posta halikubaliki hapo. S.L.P. yako ya Mwanza inakaa kwenye nafasi ya anwani ya barua, nafasi tofauti kabisa.

Halafu kuna kisanduku cha nia: unakusudia kurudi, huna uhakika, au hujawahi kuishi Marekani. Watu hutia alama haraka bila kufikiri. Katika baadhi ya majimbo, anayesema hana uhakika hupewa kura ya ngazi ya shirikisho tu: rais, Seneti na Baraza la Wawakilishi. Anayesema atarudi hupewa na za jimbo na kaunti. Kupiga kura ya shirikisho pekee hakukufanyi mkazi kwa mambo ya kodi. Kura za jimbo zinaweza kugusa kodi ya jimbo, kwa hiyo mwenye mali au mapato kule aulize kwanza. Jibu la kweli ndilo la kuandika, maana unasaini chini ya kiapo.

Saini kwa kalamu. Saini ya kuchorwa kwa kidole kwenye simu hukataliwa sehemu nyingi, na hata ikikubaliwa haitafanana na ile watakayoilinganisha baadaye. Piga picha kwa programu ya kuskani, mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa juu ya meza tambarare, itoke PDF. Majimbo mengi hupokea FPCA kwa barua pepe. Baada ya wiki mbili waandikie kuuliza kama wameipata, na uangalie folda ya taka ya barua pepe yako, maana majibu ya kaunti hupenda kutumbukia humo.

Tahadhari ya mjini: fomu ina tarakimu nne za mwisho za namba yako ya hifadhi ya jamii ya Marekani (SSN), au namba ya leseni ya udereva ya kule, pamoja na tarehe ya kuzaliwa na saini. Ukiituma kwenye WhatsApp ya steshenari ili wakuchapie, umeiacha kwenye simu na kompyuta ya watu. Nenda na flashi, simama hapohapo, na hakikisha faili halikubaki kwenye mashine.

Kura ikifika, soma maelekezo ya jimbo lako kabla ya kuchapa chochote. Karatasi zetu ni A4, zao ni fupi na pana kidogo. Mwambie mchapaji asiinyooshe wala kuibana, hasa kiolezo cha bahasha. Kura iliyochapwa nyumbani haipiti kwenye mashine yao ya kusoma. Maofisa huinakili kwenye karatasi rasmi, kwa hiyo jaza duara lote kwa wino mweusi au wa bluu, usikwangue, usiandike pembeni. Ukikosea, chapa nyingine.

Bahasha ni mbili, na hapa kura nyingi hufa. Karatasi ya kura inaingia kwenye bahasha ya siri isiyoandikwa jina. Hiyo inaingia kwenye bahasha ya nje, pamoja na tamko ulilosaini na kutia tarehe, kama jimbo halikusema vingine. Pennsylvania hukataa kura iliyokuja bila bahasha ya siri. Majimbo mengine, kama Alabama, yanataka mashahidi. Tamko hilo lisipotiwa saini, hakuna kinachohesabiwa.

Kurudisha kunategemea jimbo. Massachusetts na Washington hupokea kwa barua pepe. Utasaini kwamba umekubali siri ya kura yako ipungue. Texas, Minnesota na Pennsylvania wanataka karatasi yenyewe, na hao ndio wa kuhangaika.

Njia ya kwanza ni ubalozi, Msasani, Barabara ya Old Bagamoyo, ambako kura huondoka na mfuko wa kidiplomasia. Bahasha lazima iwe na stempu za Marekani au ile alama ya gharama iliyolipwa unayoichapa kutoka fvap.gov. Andikia ubalozi kwanza ujue siku na saa za kupokea. Kama unampa mtu akupelekee, angalia kwanza kama jimbo lako linaruhusu kura kupita mikononi mwa mwingine.

Kosa la kila msimu ni kuichukua bahasha hiyohiyo yenye alama ya "imelipiwa" na kuitumbukiza posta ya Mwanza. Alama ile ina nguvu ndani ya mfumo wa posta ya Marekani tu, na ubalozi uko ndani ya mfumo huo. Posta yetu haiijui. Inataka ada yake. Ukipitia posta hapa, ipimwe, ilipiwe ada ya kimataifa, itumwe kwa EMS (huduma ya haraka ya posta) au rejista, na ubaki na stakabadhi yenye namba ya kufuatilia. Karatasi sita na bahasha mbili hazifiki gramu 60, lakini pima kaunta, usikadirie.

Kampuni za vifurushi ndizo za haraka na ndizo ghali. Nazo zina mtego: hazipeleki kwenye sanduku la posta la Marekani, na ofisi nyingi za uchaguzi huandika sanduku kwenye maelekezo yao. Tafuta anwani ya mtaa ya ofisi hiyo kabla hujafika kaunta.

Mwezi Oktoba umeanza na kura haijaja? Usingoje. Ipo kura ya akiba iitwayo FWAB, nayo iko fvap.gov. Unaichapa, unaandika kwa mkono jina la mgombea au la chama, unaifunga kwa mtindo uleule wa bahasha mbili, unatuma. Majimbo mengi hutaka uwe ulishaomba kura kwa FPCA kabla. Kura rasmi ikifika baadaye, ijaze nayo uitume. Ofisi itahesabu moja tu, na hakuna kosa ulilofanya.

La mwisho ni saa, kwa wale wa barua pepe. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya tarehe 1 Novemba 2026, hivyo siku ya uchaguzi Mwanza itaitangulia Boston, Massachusetts, kwa saa nane na Seattle, Washington, kwa saa kumi na moja. Saa mbili usiku, kura zinapofungwa Boston, ni saa kumi alfajiri ya Jumatano hapa. Saa mbili usiku ya Seattle ni saa moja asubuhi, wakati mitumbwi ya dagaa imeshafika soko la samaki la Mwaloni. Usijipe saa hizo kama nafasi ya ziada. Bando huisha, umeme hukatika, na PDF ya kurasa sita hukataa kupanda usiku huohuo. Tuma wiki mbili kabla, kisha ingia kwenye tovuti ya jimbo uangalie kama wameandika kuwa kura yako imepokelewa.