Kamera ya Sony A7 II ya mwaka 2014, nilivyopiga hesabu mpaka nikainunua

Mimi kazi yangu picha za sherehe, harusi, kichenpati, sendoff, wali wakitolewa unyagoni, hapa Mtwara mjini na Mikindani, na Lindi nikiitwa naenda. Miaka sita nilikuwa na kamera ya Canon 700D, lenzi yake ya 18-55 na 50mm moja ya f/1.8, yani yenye mdomo mpana wa kupitisha mwanga, na siisemi vibaya maana imenilisha mimi na watoto. Tatizo lilikuwa kumbi. Wanaozijua kumbi zetu wananielewa, bibi harusi anaingia taa zimezimwa zote imebaki ile ya zambarau ya DJ inazunguka, MC anapiga kelele, na mimi hapo nimepandisha ISO, ile namba ya kuifanya kamera ione gizani, mpaka 6400, picha inatoka na chenga kama nimemwaga mchanga wa Msimbati juu yake. Ukiwasha fleshi unaua mapambo yote waliyolipia watu hela.

Sa kuna jamaa wa Lindi naye mpiga picha akaniambia anauza Sony A7 II. Fulufremu, mirolesi, milioni moja na nusu pamoja na lenzi ya 28-70. Usiku ule sikulala vizuri kwakweli.

Kwa ambao hawajui, fulufremu maana yake kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, sensa, ni saizi ileile ya filamu za zamani, milimita 36 kwa 24. Ya 700D ni kama 22 kwa 15, ukizidisha mwenyewe utaona ile kubwa ina eneo mara mbili na nusu na zaidi kidogo. Mirolesi ni kwamba hamna kile kioo cha ndani, ukichungulia unaona kijiskrini, yani unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Hii nayo ina kisa chake, nitafika.

Nikampelekea hoja mjomba, maana kwetu huku mjomba ndo mwenye usemi na hela za korosho alikuwa nazo yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho alafu akauliza swali moja tu, "Mpwa wangu, mwenye nayo anaiacha kwa nini?" Mimi nilikuwa nimejaa mamegapikseli kichwani hilo sikuwaza kabisa. Nikampigia jamaa hapohapo, akasema anahamia kwenye video, wateja wanataka 4K na hii mwisho wake ni HD, anatafuta A7 III. Mjomba akasema, "Na wewe unapiga video?" Nkamwambia hapana, video anapiga mwenzangu. "Basi kaiangalie."

Kabla ya kwenda Lindi nikaangalia na za Dar, nikapata kijana Kariakoo ana A7 ile ya kwanza kabisa, ya 2013, anataka laki tisa bodi tupu. Laki tisa fulufremu! Ilibaki kidogo nitume hela aitie kwenye basi la usiku. Nikamwambia nirekodie video ukifungua menyu. Menyu yote Kijapani. Nikamwambia badilisha lugha, akahangaika weee, hamna. Sony nyingi zilizouzwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe zinakuja na Kijapani tu, hakuna pa kubadilisha, na wengi wanaouza mtumba hawakwambii mpaka uulize. Nikaachana nayo. Tena hiyo ya kwanza haina ule mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, A7 II ndo imeanza nao.

Hapo kwenye mtikisiko naomba nikae kidogo maana watu wengi wanadanganyika, mimi mwenyewe nilidanganyika. Unasikia sensa inajituliza pande tano, unaona bas gizani umemaliza kazi. Inatuliza mkono WAKO. Haimtulizi anayecheza. Keki, meza kuu, ukumbi mtupu kabla watu hawajaingia, unaweza kupiga shata 1/15, yani kamera inafunguka sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde, umeshika mkononi na picha ikatoka safi, lakini shangazi akishaingia na sindimba hapo hata uwe umefungwa kwenye nguzo, ukipiga 1/30 kiuno kinatoka ukungu mtupu. Kwa mtu anayecheza kinachosaidia ni lenzi yenye mdomo mpana na sensa inayovumilia ISO kubwa. Kwahiyo swali langu likawa moja, inavumilia kiasi gani.

Nikaenda Lindi siku ambayo jamaa ana kichenpati, nikamwambia kaka mimi sitaki kuijaribu mezani, niijaribu humo humo ukumbini. Akakubali, muungwana. Nilibeba 700D yangu na kadi yangu, nikawa napiga kitu kilekile kamera mbili. Usiku gesti nikazifungua kwenye laptop. ISO 6400 ya Sony kwa macho yangu ilikuwa kama 1600 ya Canon yangu. Ila kilichonimaliza zaidi ni giza la nyuso. Sisi weusi tukipigwa picha na gauni jeupe kamera inaogopa gauni, uso unazama. Kwenye RAW ya 700D, yani picha ghafi ambayo kamera haijaichezea, ukiuvuta uso kwenye mwanga unapata mistari mistari na rangi ya ajabu, ya Sony niliuvuta ukaja na ngozi yake. Hapo moyo ukashaenda.

Lakini nikajikaza nikaandika na ubaya wake, tena mwingi. Fokasi gizani inaenda inarudi, inaenda inarudi, kama mtu aliyesahau nyumba anayoiendea. Niliichomekea 50mm yangu ya Canon kwa adapta ya jamaa, mchana nje inashika vizuri tu, ukumbini nikakosa picha tatu za mfululizo, hivyo ile ndoto ya kutumia lenzi zangu za zamani nikaifuta palepale. Kadi inaingia moja tu, ila na 700D ni moja vilevile, hapo sijapoteza kitu. Betri sasa. Sony wenyewe wanasema picha kama 350 kwa chaji, wakati 700D inakwenda 440, na harusi moja mimi sishuki picha elfu. A7 III ya 2018 ndo imekuja na betri kubwa ya picha mia saba, hizi za nyuma uzibebee mfuko. Nafuu yake inachajiwa kwa waya wa USB, umeme ukikatika unaichomeka kwenye pawabenki. Na lile la kwamba mirolesi ni nyepesi mabegani, hii ina gramu 599 na 700D ina 580, kwahiyo tusidanganyane.

Asubuhi tukakaa kukagua. Nilipiga ukuta mweupe kwa f/16, mdomo wa lenzi umebanwa, kuona vumbi kwenye sensa, likawepo kidogo la kupulizwa. Nikatuma picha moja ghafi kwa kijana wa kompyuta akanisomea shata imeshapigwa mara elfu 61, menyu yenyewe haikwambii hiyo. Alafu nikatoa tochi ya simu nikaimulika ile lenzi ya 28-70 kwa nyuma. Pembeni kuna nyuzi nyuzi nyeupe kama utando wa buibui mdogo. Kuvu. Sisi wa mwambao hii ndo kansa yetu, joto na unyevu wa bahari, lenzi ikikaa kwenye begi mwezi mzima bila kufunguliwa inaota. Jamaa mwenyewe hakujua, aliona aibu kabisa. Tukashushana mpaka milioni moja laki tatu na nusu, lenzi nikaichukua kama nyongeza ya kupigia mchana.

Hesabu nzima ikakaa hivi: bodi 1,350,000, lenzi ya Sony 50mm f/1.8 ya mtumba 400,000, betri tatu zisizo za Sony 105,000, kadi 45,000. Milioni moja na laki tisa. Umeona tulipoanzia na tulipoishia, na hapo lenzi za Canon zimebaki na Canon yake. Kwa sherehe moja nikishamlipa msaidizi, albamu na nauli nabaki na kama laki na themanini, kwahiyo ni sherehe 11 ndo hela irudi. Korosho zikianza kulipwa watu huku wanaoa mfululizo, nikaona inabebeka. A7 III niliyoulizia bodi yake tu ilikuwa milioni mbili na laki sita, bila lenzi, ingenichukua msimu mzima na kitu. Kama ningekuwa napiga video nisingeigusa A7 II hata kwa laki nane. Mjomba akanikopesha laki tano.

Kazi ya kwanza Mikindani nikaumbuka. Wanakata keki, nikawasha fleshi yangu ya Canon juu ya Sony, inawaka vizuri tu ukiiset kwa mkono, ila nachungulia naona giza totoro. Nabonyeza, picha inatoka nzuri, nachungulia tena giza. Kumbe si nilisema unaona picha itakavyotoka? Kamera inakuonyesha ukumbi ulivyo BILA fleshi. Siwezi kuona nani kafumba macho nani kashika kisu. Mama wa bibi harusi ananiangalia, "Baba vipi, imeharibika?" nikamwambia hapana mama, nikachomoa 700D kwenye begi nikamaliza keki nayo. Usiku ndo nikagundua kuna sehemu kwenye menyu ya kuzima hiyo tabia, sekunde kumi tu. Sasa kila nikiweka fleshi nazima kwanza.

Fokasi nayo nimeshaizoea, nailenga penye mstari mkali, ukosi wa suti, ukingo wa taji, siyo kwenye shavu. Begi naliwekea vile vipakiti vya viatu vya kunyonya unyevu, na ile 28-70 inalala peke yake kwenye kopo isiambukize wenzake.

Mjomba nimeshamrudishia laki tatu. Mbili zilizobaki kasema nitazilipa kwa kupiga harusi ya binti yake mwezi wa kumi na mbili, ila nisimletee ile ya zamani. Nikamwambia mjomba zote mbili ni za zamani, zimepishana mwaka mmoja tu. Akanyamaza kidogo, akasema basi njoo nazo zote.