Ile 2 Iliyozidi

Usiku ule, kwenye grafu ya programu yetu ya kuiga plazma, mstari wa jumla isiyotakiwa kubadilika ulitakiwa kulala kwenye 20 tangu mwanzo hadi mwisho. Ulilala vizuri mpaka muda wa 130 hivi, kisha ukaanza kuzama.

Tulikuwa tunaiga plazma (gesi ya chembe zenye chaji) ya kirali: elektroni za mkono wa kulia, zinazozunguka kuelekea ziendako, zimezidi za mkono wa kushoto, zinazozunguka kinyume, na ziada hiyo, μ, inasukuma mkondo wa umeme uende sambamba na uga sumaku. Mkondo huo unazaa uga, uga unakuza mkondo, moto unajichochea wenyewe. Vilenkin aliuandika mkondo wa aina hii mwaka 1980. Akamatsu na Yamamoto wakaonyesha mwaka 2013 kwamba plazma kama hiyo haiwezi kutulia. Kila wimbi la uga hukua kwa kasi ya ηk(μ − k), k ikiwa kipimo cha ufupi wa wimbi (k kubwa, wimbi fupi) na η kasi ya uga kusambaa na kufifia, hivyo linalotangulia ni lile la k = μ/2.

Sanduku lilikuwa na upande wa 2π, gridi ya 128 kila upande, η = 0.001, λ (nguvu ya uga kuirudia μ na kuibadilisha) = 400, hatua ya muda 0.05. Plazma haikutiririka, na μ ilianza na 20, sawa kila mahali. Mbegu ya uga ilikuwa ya 10⁻⁶. Wimbi la k = 10 lilipaswa kukua kwa kasi ya 0.1, na grafu ikatoa 0.1. (Ukipima nishati badala ya uga utapata 0.2, na ukisahau hilo utasaka kosa lisilokuwepo.) Tukaridhika mapema mno.

Kipimo kigumu zaidi kilikuwa jumla: μ ukiongeza λ/2 mara msokoto wa uga, yaani wastani wa A·B, B ikiwa uga sumaku na A potenshali yake ya vekta. Jumla hiyo haitakiwi kubadilika, kwa sababu kila ziada inayopotea kwenye elektroni lazima ionekane kwenye msokoto. Yetu ilivuja.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa hatua ya muda. Tuliipunguza hadi 0.025, mstari ukazama vilevile, kwa kiasi kilekile. Mshukiwa wa pili, mawimbi mafupi yanayojipenyeza kwenye gridi, alitoka haraka: μ ikiwa sawa kila mahali, kuizidisha na B hakuzai wimbi jipya. Tukashuku pia Γ, kasi ya elektroni kugeuza mkono, kwamba labda ilibaki imewashwa kutoka jaribio la awali. Lakini Γ ingeuinamisha mstari tangu sekunde ya kwanza, uga ukiwa bado mchanga. Wetu uliinama uga ulipopata nguvu tu. Basi kosa lilikaa mahali μ na uga vinapokutana.

Namba ndizo zilizotoboa siri. μ iliposhuka hadi 8, jumla ilisoma 14. Elektroni zimetoa 12, msokoto umepokea 6: nusu kamili. Kosa la gridi halitoi nusu kamili. Nusu kamili ni kosa la kalamu.

Msokoto hubadilika kwa −2⟨E·B⟩, E ikiwa uga umeme na mabano ⟨ ⟩ yakiwa wastani. Ile 2 tulikuwa tumeiingiza pia kwenye mlinganyo wa μ, ilhali λ/2 katika jumla imekwisha kuimeza. Mlinganyo sahihi ni dμ/dt = λη(⟨J·B⟩ − μ⟨B²⟩), J ikiwa mkondo wa umeme, bila 2. Jaribio la kasi ya kukua lisingeweza kuliona kosa hili kamwe, kwani katika hatua hiyo μ bado haijasogea. Tulifuta herufi moja, tukaendesha upya: mstari ukalala kwenye 20, uga ukahamia mawimbi marefu hadi k = 1, na wastani wa A·B ukaishia 0.095. Programu yenye kosa ingeishia 0.0475.

Kabla ya kuzima tuliwasha Γ kwa makusudi, 0.1, sawa na kasi ya kukua yenyewe. Uga wa k = 10 ulikua kwa asilimia 36 tu, μ ikapita chini ya 10 kwenye muda wa 6.9, ukaanza kufa. Ndiyo hoja ya Grabowska, Kaplan na Reddy ya mwaka 2015 kuhusu supanova na nyota za nyutroni. Uzito wa elektroni, ambao ndio unaoruhusu mkono kugeuka, ni MeV (milioni za elektroni-volti) 0.511, na unaonekana si kitu mbele ya potenshali ya kikemia, yaani nishati ya elektroni zilizosongamana humo, ya MeV 100 na zaidi, lakini migongano ni mingi kiasi kwamba mikono inageuzwa kabla uga haujapata nafasi ya kukua.