Asilimia 112: nilivyotathmini mradi wa chanjo

Ripoti niliyokabidhiwa ilidai mradi umechanja asilimia 112 ya watoto. Mkubwa wangu mmoja kazini akanishauri niipokee hivyo hivyo, nihesabu dozi na safari za huduma ya mkoba, yaani za wauguzi kuwafuata watoto vijijini, niandike kuwa mradi umefanikiwa. Ushauri ule unaniudhi hadi leo. Asilimia ikipita 100, ama idadi ya watoto waliokadiriwa ni ndogo kuliko waliopo, ama wamo waliotoka nje ya eneo, ama kuna dozi zilizoandikwa mara mbili.

Hata hivyo nami nilianza vibaya. Siku nne nilikaa kliniki kwenye mabenchi na kina mama, nikikagua kadi moja baada ya nyingine. Karibu zote zilikuwa zimejaa, na moyo wangu ukajaa furaha. Siku ya nne bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake akaniuliza, “Mwanangu, hapa unawahoji waliofika. Wasiofika utawahoji lini?” Nilikosa jibu. Jioni ile niliweka kando madodoso yote.

Tukaenda nyumba kwa nyumba, kutafuta watoto wa miezi 12 hadi 23. Nyumba zichaguliwe kwa bahati nasibu; mdodosaji akiachiwa achague mwenyewe, ataishia zilizo kando ya barabara. Kadi ikipotea, tafuta jina kwenye rejista ya zahanati. Kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi linasaidia, ila si kila aliyechanjwa hubaki nalo. Fedha ya wadodosaji iliisha kabla ya kazi, tukamalizia kwa miguu.

Penta ya kwanza, chanjo ya kukinga magonjwa matano, ya wiki 6, karibu kila mtoto alikuwa nayo. Ya tatu, ya wiki 14, walipungua kidogo. Kwenye surua ya miezi 9 ndipo pengo lilipotokea, na surua ndiyo inayohitaji karibu asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili isisambae.

Swali lililotufungulia mlango nililiongeza usiku, kwa kalamu, chini ya dodoso: “Uliwahi kumpeleka mtoto akarudi bila kuchanjwa?” Kina mama wakaanza kusimulia. Mmoja alirudishwa mara tatu, kila mara akiambiwa asubiri watoto watimie. Chanjo ile ya surua ilikuwa ya unga, kichupa kimoja dozi 10, na ikishachanganywa inayobaki hutupwa baada ya muda wa saa 6. Wauguzi waliogopa kumfungulia mtoto mmoja.

Nikataka kujua hofu hiyo imetoka wapi. Nikaipata kwenye faili la mradi wenyewe: kila zahanati ilipewa lengo la kupunguza upotevu wa chanjo, na iliyotupa dozi nyingi ilitakiwa kujieleza kwa barua.

Kwenye kikao niliusoma ukurasa ule kwa sauti, kisha nikasoma maneno ya yule mama wa mara tatu. Mratibu aliomba faili, akalikata lengo lile kwa kalamu mbele yetu, akaagiza kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja.