Jinsi nilivyozuia skafu isijiviringishe

Mvua za vuli zilinifungia ndani, nikaanza kufuma skafu ya sufu. Ilipofika sentimita 30, kingo zilikuwa zimejiviringisha kama mkeka. Nikaipiga pasi ya mvuke. Ilipopoa ikarudi vilevile.

Kumbe mkono wangu haukuwa na kosa. Ukifuma mstari mmoja kwa mbele (upande laini wa kitanzi ukikutazama) na unaofuata kwa nyuma (tuta likikutazama), upande laini na upande wa matuta havivutani sawa, ndiyo maana kingo hujikunja. Iliniuma, lakini niliifumua yote. Safari hii nikaanza na mistari 6 ya kufuma kwa mbele tu, ili matuta yawe pande zote mbili na mvuto ulingane, na vitanzi 5 vya kila ukingo nikavifuma hivyohivyo hadi mwisho. Nikailowesha, nikaibana kwa pini juu ya taulo. Kwa unyevu ule ilikauka siku ya 3, imelala bapa kabisa.